Gitaa Kavu la Baba

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja hapa Shinyanga mjini, sehemu ya kuchajia ilikuwa imelegea. Fundi alipogusisha chuma chake cha moto kwenye waya wa risasi, moshi mwembamba ukapanda kati yetu, na mimi nikajikuta nimeshika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni moshi tu. Lakini nilikuwa nimesharudi mbali, kwenye kibanda cha fundi redio kule Katoro, nikiwa na miaka minane, nimesimama nyuma ya baba yangu na vidole vinavyonuka samli. Wa rika langu mnaijua harufu hiyo ya risasi inayoyeyushwa. Mafundi redio walikuwa nayo kwenye nguo zao kabla simu hazijafunga vibanda vyao.

Tuliishi kwenye senta ndogo upande wa Geita, kando ya barabara iendayo Nkome, ambako magari ya dagaa yalipita asubuhi na kuacha harufu yake juu ya vumbi mpaka saa nne. Baba alikuwa mtu wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Siku tano kwa wiki alisimama kando yake akiilisha mawe, nayo ikiyatafuna kwa kishindo kilichofika hadi shuleni kwetu. Alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Mama alimmwagia maji uani, naye akajifuta, akala, kisha akachukua gitaa lake na kukaa kwenye kigoda mlangoni.

Gitaa hilo alilinunua kwa mchimbaji mwenzake aliyekuwa anarudi kwao Kigoma. Lilikuwa la mbao tupu, halina waya wala umeme, lile ambalo watu huliita gitaa kavu. Jumapili alilipiga kanisani, na kwa miaka yote ninayoikumbuka lilitosha. Kanisa letu lilikuwa la mbao na mabati, kwaya haikuzidi watu ishirini, na Baba aliketi mbele yao kama mtu anayewafungulia njia.

Kisha waumini wakachanga, wakanunua kinanda na spika mbili ndefu kunizidi mimi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya kinanda, vidole vya Baba vilionekana vikicheza juu ya nyuzi lakini hakuna kilichotoka. Mwalimu Elikana, aliyefundisha kwaya, alimfuata baada ya ibada.

"Baba Milembe, tunakuona unapiga, ila hatukusikii."

Baba alimtazama mdomoni. Mwalimu akarudia, sasa akinyoosha kidole kwenye gitaa na kugusa sikio lake. Ndipo Baba akaitikia kwa kichwa. "Nitatafuta namna," akasema. Mimi nilidhani ameudhika, ndiyo maana alitaka aambiwe mara mbili.

Nyumbani tulizungumza Kisukuma. Kiswahili nilikuwa nakiokota shuleni, neno moja moja, na kila neno nililichukua kama lilivyokuja. Kavu kwangu ilikuwa kavu. Ngozi kavu hupakwa mafuta, koo kavu hupewa maji. Niliposikia wakubwa wakijadili jinsi sauti ya gitaa kavu ilivyo ndogo, sikuona kwa nini wanahangaika hivyo wakati dawa iko jikoni kwetu. Lakini sikuwa mtoto wa kuingilia maneno ya wakubwa. Nilisubiri.

Njia ya kwanza waliyojaribu ilikuwa ya maiki. Jumamosi mchana Mwalimu Elikana aliwasha jenereta, akasimamisha maiki mbele ya tundu la gitaa, karibu kabisa, na Baba akaniita mayu, mama, kama alivyozoea.

"Milembe, mayu, nenda benchi la mwisho. Nisikilizie. Ukinisikia, nyanyua mkono."

Nilikwenda nikijiona mtu mkubwa. Alipoanza, sauti ilikuja, ikaondoka, ikaja tena, kwa sababu Baba alikuwa na tabia ya kuyumba akipiga na kila alipoyumba maiki ilibaki peke yake. Mwalimu akaongeza sauti. Ghafla spika zikapiga yowe jembamba, refu, lililopita masikioni kama sindano. Niliziba masikio. Mwalimu alianguka magotini mbele ya mashine akitafuta pa kuzima. Baba yeye aliendelea kupiga. Kichwa amekiinamisha, uso umetulia, kama yowe lile linapigwa kwenye kijiji kingine. Aliacha pale tu Mwalimu aliposimama mbele yake akipunga mikono yote miwili.

"Vipi?" Baba akauliza.

Mwalimu akamsogelea. "Maiki haifai," akasema taratibu, akivuta kila neno. "Tutafute njia nyingine."

Jumatatu niliwaambia wenzangu darasani kwamba baba yangu hashtuki kwa kitu chochote duniani. Nilijivuna kwa hilo wiki nzima.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo nikatoa dawa yangu. Mama alikuwa amekwenda kisimani. Nilichukua kibuyu chake cha samli, nikakaa chini na gitaa mapajani, nikalipaka lote: mgongo, shingo, nyuzi moja moja, kisha nikaingiza mkono tunduni na kupaka ndani hadi kiwiko kilipogoma. Lilipendeza. Liling'aa kama ng'ombe aliyetoka kuogeshwa. Nililirudisha mahali pake, nikangoja jioni nisikie sauti mpya. Baba jioni hiyo hakulipiga. Alirudi amechoka, akalala.

Kesho yake, Jumamosi, alinipakia kwenye baiskeli, gitaa nililolitia guniani mwenyewe likiwa mgongoni mwangu, tukaenda Katoro kwa fundi Masanja. Sikujua kwa nini ananichukua mimi. Nilipomuuliza Mama asubuhi hiyo aliniambia tu, "Nenda na baba yako. Mtu akimwita njiani, mguse begani." Sikuelewa, lakini nilikwenda.

Fundi Masanja alikuwa mtu mnene, mwenye mkono mwepesi. Aliligeuza gitaa kama anayekagua mbuzi sokoni, akaanza kueleza. Baba alimkatiza. "Ongea kwa nguvu, soko hili lina kelele." Niligeuka kutazama soko. Ilikuwa asubuhi, wachuuzi ndiyo kwanza wanatandika turubai zao, na kelele sikuiona.

Fundi akapaza sauti. "Mzee, maiki achana nayo. Umebaki na njia mbili." Akaweka vitu viwili mezani. Kimoja kilikuwa kisahani cha shaba, kidogo kama sarafu, chenye waya mwembamba. "Hiki nakibandika hapa chini, nyuzi zinapofungwa. Chenyewe kinasikia mbao. Mbao ikitetemeka, kinachukua. Utapata sauti ya gitaa lako lenyewe, ila hata ukiligonga kwa kucha kitasema." Akagusa cha pili, kipande kirefu cheusi. "Hii ni sumaku. Inakaa kwenye tundu, inasikia nyuzi za chuma tu. Ina nguvu, haipigi yowe ovyo. Lakini mbao haiijui. Litalia kama la bendi."

"Kanisani wataniambia nimeleta baa," Baba akasema. "Bandika hicho kinachosikia mbao."

Fundi alikichomea kisahani waya mrefu, ndipo harufu ile ilipoingia puani mwangu mara ya kwanza. Kisha akapaka gundi, akakibandika, akahesabu kimya, akaachia mkono. Kikaanguka. Akapaka tena, kikateleza kama kinavutwa. Akapitisha kidole kwenye mbao, akakinusa.

"Mzee, hili gitaa limekaangwa?"

Baba naye akanusa. Akaingiza mkono tunduni, akautoa, akautazama unavyong'aa. Kisha akageuka, akanitazama mimi. Nilitazama chini. Fundi alijaribu kufuta kwa spiriti, akajaribu kukwaruza, lakini samli ilikuwa imeshaingia ndani ya mbao, na ndani hakuweza kufika. Mwisho akachukua kile kipande cheusi cha sumaku, akakikaza kwenye tundu. Mambo ya mbao yakaishia hapo.

Njiani, tulipovuka daraja, Baba akaniuliza. "Kwa nini ulilipaka?"

"Kwa sababu ni kavu."

"Nini?"

"Kwa sababu ni gitaa kavu."

Alisimamisha baiskeli, akainama, akaniletea sikio la kushoto mpaka likagusa mdomo wangu. Nikasema mara ya tatu. Aliposikia alicheka mpaka baiskeli ikatuangukia miguuni. Nilicheka naye, lakini sikujua tunachekea nini, na moyoni nilikuwa na neno la fundi: mbao haiijui. Niliona kwamba nimemnyima Baba sauti ya gitaa lake lenyewe, na hakuna aliyenichapa kwa kosa hilo, jambo lililonitisha kuliko kuchapwa.

Jioni hiyo hiyo Mwalimu Elikana alitupa ufunguo wa kanisa, tukaenda mimi na Baba peke yetu. Mama alikuwa bado gulioni. Baba aliwasha jenereta, akachomeka waya, akaniambia nikae benchi la mwisho kama awali. Kwenye mashine palikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye namba pembeni, moja hadi kumi. Akakiweka kwenye mbili, akaanza kupiga.

Sauti ilinijia safi, ya chuma, imejaa kanisa. Nikanyanyua mkono.

Baba akaacha. "Usinifurahishe, mayu. Umesikia kweli?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Uso wake ukaanguka. Sina neno lingine. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa msiba. Akasogeza hadi nne, akapiga. Nilisikia mpaka kifuani. Nikanyanyua mkono, safari hii polepole, na uso ule ukarudi.

Nilichanganyikiwa. Nilikuwa nafanya nilichoagizwa, na kila nikifanya ninamuumiza. Nikawaza labda sielewi neno. Labda kusikia ambako wakubwa wanakutaka ni kwingine, kukubwa zaidi, na mimi nanyanyua mkono kabla ya wakati wake, kama mtoto anayetoa jibu darasani kabla mwalimu hajamaliza swali. Au labda ni ile samli. Labda yeye anasikia kwamba mbao haimo, na mimi ninayenyanyua mkono ninamwambia kwamba hainihusu.

Alipoweka sita sikunyanyua mkono. Akapiga ubeti mzima akinitazama. Mabati yalianza kutetemeka. Nikakaza mikono yangu chini ya mapaja. Akaacha, akaniuliza kwa macho. Nikakataa kwa kichwa.

Hapo ndipo alipotabasamu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu kinanda kije. "Umeona?" akasema. "Lina sauti ndogo gitaa hili." Basi nikajua nimepatia. Akaweka nane, nikakataa. Akaweka tisa, meno yangu yakauma, nikakataa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa lilijaa, wageni wakasimama hadi nje, na kwaya nyingine ilikuja kutoka Nkome. Palikuwa na magunia ya mpunga mbele, majogoo waliofungwa miguu, na maboga. Baba alivaa shati jeupe. Kwaya yetu ilipoinuka, aliinama kwenye mashine na kuzungusha kitufe mpaka kikagota.

Sijapata kusikia tena kitu kama kile. Ilikuwa kama karasha imeingizwa kanisani na kufundishwa wimbo. Vumbi lilishuka kutoka kwenye mabati. Watoto wachanga walilia wote kwa pamoja, majogoo wakapiga mbawa, bibi mmoja wa benchi la mbele akaondoka akiwa amejifunika kanga kichwani. Mpiga kinanda alitoa mikono yake akaiweka mapajani. Watu waliziba masikio, na kati yao wote Baba alipiga amefumba macho, machozi yakimtoka na huku anatabasamu. Wimbo uliisha. Akaurudia kuanzia mwanzo.

Mwalimu Elikana akachomoa waya.

Kimya kilipotanda, Baba alifumbua macho. Alitazama waya, akatutazama sisi. Watu wengine walicheka. Mtu nyuma yangu akasema, "Amelewa sifa huyu." Mama alitoka upande wa wanawake, akapita katikati ya magunia bila kumtazama mtu. Alichukua gitaa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika Baba kiwiko, akamtoa nje taratibu. Mlangoni alimwekea mdomo kwenye sikio la kushoto na kumwambia jambo. Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nilibaki kwenye benchi langu. Nilikuwa nimekalia mikono yangu tena, bila kujua.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Baba aliacha karasha, akaanza kuchukua dagaa Nkome na kuwauza kwenye magulio. Gitaa halikurudi kanisani. Wakubwa walikaa na Mama uani wakizungumza kwa sauti za chini, nami nikaokota vipande. "Masikio yake ndiyo basi." "Kelele zimemmaliza." Nilijua ni kelele gani. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa benchi la mwisho nikimwambia aongeze, aongeze, mpaka kitufe kikagota. Kila mwezi usikivu wake ulizidi kupungua, mpaka siku moja nilimwita nikiwa nyuma yake kabisa na hakugeuka. Sikumwambia mtu. Nilikwenda sekondari ya bweni na siri hiyo, nikaolewa nayo.

Nilikuwa nimeshapata mtoto wangu wa kwanza nilipokwenda nyumbani na kuamua kuisema. Baba alikuwa amekaa kibarazani akipepeta karanga. Kwa miaka mingi tulikuwa tumezoea: yeye anasema kwa mdomo, sisi tunaandika. Nilikaa karibu naye na simu, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikampa. Nilikuwa nimeandika: "Baba, siku ile ya kujaribu gitaa nilikudanganya. Nilikuwa nasikia tangu mbili. Mimi ndiye niliyekuulia masikio. Nisamehe."

Alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena huku midomo ikicheza. Kisha akaweka ungo chini.

"Masikio yangu yaliliwa na karasha, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Miaka yote ile. Hukuambiwa?"

Nikakataa kwa kichwa.

"Na siku ile nilijua unadanganya."

 Akanyoosha kidole kwenye miguu yangu.

"Mkono uliukalia. Mguu ulikuwa unacheza. Nikiharakisha, unaharakisha. Nikipunguza, unapunguza. Nikajua mtoto ananisikia vizuri kabisa, na mimi ndiye nisiyejisikia. Ndiyo siku niliyokubali."

Nikachukua simu, nikaandika. "Sasa kwa nini ulifungulia yote kanisani?"

 Alichukua punje moja ya karanga, akaigeuza kidoleni. "Nilitaka nilisikie," akasema. "Mara moja tu, kabla halijaondoka. Nilijua watu watachukia. Nikasema watanisamehe, ni watu wa Mungu."

Nilimwacha nikaenda jikoni kwa Mama, nikamuuliza kama ni kweli, kama mguu wangu ulikuwa unacheza. Mama alikuwa anasonga ugali, hakuacha.

"Mimi sikuwepo. Nilikuwa gulioni. Mlikuwa wawili tu."

"Lakini unaonaje? Au ananituliza tu?"

"Huyo akimpenda mtu husema lolote," Mama akajibu. Akageuza mwiko. "Lakini mguu wako kweli hautulii."

Kwa hiyo sijui. Siku nyingine naamini kila neno la Baba. Siku nyingine namwona mzee aliyetazama uso wa binti yake na kuchagua haraka jambo la kumpunguzia mzigo, na akalichagua vizuri.

Siku ile nilirudi kibarazani, nikamwandikia: "Ulipiga wimbo gani?"

Alisoma, akafikiri, akaanza kuuimba. Sauti yake ilikuwa imeshapoteza njia, inapanda pasipo mlima na kushuka pasipo bonde, na majirani waliokuwa wanapita walitazama pembeni kwa heshima. Nikaanza kuimba naye. Nilianza pia kupiga mguu chini, kwa makusudi, kwa nguvu, mpaka vumbi likaruka. Baba akainamisha kichwa na kuimba hadi ubeti wa mwisho, macho yake hayakutoka kwenye mguu wangu.